Kiswahili si kizito, desa letu ndo zito

Najua niliahidi kuandika vituko vya kampeni za serikali ya wanafunzi, lakini hiyo itasubiri. Leo nina hasira za kitaaluma, na hasira za aina hii ukizilaza nazo zinageuka vidonda vya tumbo. Nyie wa sheria na uhasibu msikimbie, nitakwenda taratibu, na mtaona hoja yenyewe inawahusu na nyie.

Ishu ni hii. Mwaka wa mwisho tuko kwenye miradi. Mwenzetu mmoja, dada makini sana, alichagua kuhesabu maneno ya Kiswahili. Achukue maandishi mengi, habari, insha, jumbe za watu waliokubali kumpa, halafu programu imwambie kila neno limetumika mara ngapi, ili kesho itengenezwe programu ya kusahihisha tahajia. Kitu cha maana kabisa. Akakusanya faili la MB 300, akaandika programu ya Python ya mistari kama kumi. Laptopu yake ya GB 4 ikaganda. Akaizima, akawasha, ikaganda tena. Akaenda kwa msimamizi wake, na huko akajibiwa kwamba Kiswahili ni kizito kwa kompyuta, kwa hiyo abadilishe atumie data ya Kiingereza, au atafute mashine yenye RAM kubwa, kwani siku hizi RAM ni bei rahisi.

Jamani! Mtu mwenye ofisi na kiyoyozi anamwambia mwanafunzi aache lugha yake kwa sababu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hajalipima. Nasema hivi: Kiswahili sio kizito. Ni miongoni mwa lugha nyepesi kuliko zote kwenye kumbukumbu ya Python, na nitaonyesha kwa baiti, sio kwa uzalendo.

Tuanze na desa. Mnalijua lile desa, limepigwa fotokopi mpaka pembeni maneno yamefutika, tumelirithi kwa waliotutangulia na wao walilirithi. Ukurasa wa stringi una sentensi moja iliyopigiwa mstari: herufi moja ni baiti moja. Watu wameikariri, wameiandika kwenye UE, wamepewa alama. Aliyeiandika mara ya kwanza simlaumu, manake alikuwa anafundisha C. Kwenye C neno "kitabu" ni baiti 6 za herufi na baiti 1 ya sifuri ya kuonyesha mwisho. Jumla 7, hakuna kingine. Baadaye somo likahamia Python, sentensi ikabaki palepale. Hapo ndo ilipogeuka kuwa uongo.

Kwenye Python stringi sio herufi peke yake. Ni objekti, na kila objekti ina kichwa. Nazungumzia CPython, intapreta ambayo karibu sote tunayo, ile iliyoandikwa kwa C. Chukua toleo la 3.12 lililotoka Oktoba 2023, mashine ya biti 64. Stringi yenye herufi za kawaida za ASCII inakaa kwenye kumbukumbu kama kipande kimoja kisichokatika, kwa mpangilio huu:

Baiti 8 za kwanza ni hesabu ya wanaoishikilia. Kila sehemu ya programu inayoitaja inaongeza moja, ikiachia inapunguza moja, ikifika sifuri nafasi inarudishwa.

Baiti 8 zinazofuata ni kielekezi cha aina yake, ili intapreta ijue kwamba hii ni stringi na sio namba wala orodha.

Baiti 8 ni urefu. Ndiyo maana len() inajibu papo hapo, haianzi kuhesabu herufi upya kama strlen ya C.

Baiti 8 ni heshi, ile namba inayotumika stringi ikiwa ufunguo wa kamusi. Inakokotolewa mara ya kwanza inapohitajika, halafu inawekwa hapo isikokotolewe tena.

Baiti 4 ni alama za hali: herufi ni za upana gani, zote ni ASCII au la. Na nyingine 4 ni za kujazia tu ili mpangilio ukae sawa.

Jumla 40. Baada ya hapo ndo herufi zinaanza, na mwishoni kuna sifuri ileile ya C. Kwa hiyo "kitabu" ni 40 na 6 na 1, yaani 47. Kigawa kumbukumbu cha Python nacho kinagawa kwa mafungu ya 16, kwa hiyo utapewa 48. Ukiiweka kwenye orodha, orodha inahifadhi kielekezi cha baiti 8. Tayari ni baiti 56 kwa neno la herufi 6. Haya, ile "herufi moja ni baiti moja" iko wapi hapo?

Huo ni mzigo wa kwanza, na angalieni vizuri: hauna kabila wala lugha. Neno "letter" la Kiingereza lina herufi 6 na linakula 56 zilezile.

Mzigo wa pili ndo wenye utamu. Upana wa herufi moja ndani ya stringi ya Python unaweza kuwa baiti 1, 2 au 4, na stringi nzima inatumia upana mmoja. Anayeamua ni ile herufi yenye namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali la Unicode. Kama zote hazizidi namba 255, kila moja inapewa baiti 1. Akitokea mmoja tu aliyevuka 255, wote wanapewa 2. Akitokea mmoja aliyevuka 65535, wote wanapewa 4. Fikirieni kreti ya soda ambayo matundu yake lazima yalingane. Ukileta chupa moja kubwa, hupanui tundu lake peke yake, unabadilisha kreti zima.

Na stringi ikishakuwa na herufi yoyote nje ya ASCII, kichwa chenyewe kinakua kutoka 40 kwenda 56, kwa sababu inaongezwa nafasi ya kuhifadhi nakala ya UTF-8 na urefu wake pale zitakapohitajika.

Kwa nini waliamua hivyo? Sio ujinga. Ukitaka herufi ya 700,000, intapreta inazidisha 700,000 kwa upana na kuruka moja kwa moja. Kama herufi zingekuwa za upana tofauti, kama ilivyo kwenye UTF-8, ingebidi itembee kutoka mwanzo au iwe na orodha ya alama za njiani. PyPy, ambayo ni intapreta nyingine ya Python, iliamua mwaka 2019 kutumia UTF-8 ndani na kubeba huo usumbufu. CPython ilichagua njia yake kwenye toleo la 3.3 la Septemba 2012, kwa pendekezo la Martin von Löwis linaloitwa PEP 393. Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi: anayeijenga intapreta alikuwa anachagua upana wa 2 au 4 kwa stringi zote za Unicode, hata kama maisha yako yote umeandika a, b, c tu.

Sasa tuileteni lugha yetu kwenye mizani. Kiswahili sanifu kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na nukta juu, kofia wala mkia. Hata ng' na ng'o tunaziandika kwa ritifaa, na ritifaa ya kwenye kibodi ni namba 39 ya ASCII. Yaani lugha nzima, kuanzia "aa" mpaka "zuzu", inaingia kwenye alama 128 za ASCII. Kichwa kidogo cha 40, upana mdogo wa 1. Hakuna daraja la bei nafuu zaidi ya hilo. Kifaransa wakiandika é wanabaki na upana wa 1 lakini wanalipa kichwa cha 56. Jirani zetu wanaoandika Gĩkũyũ vizuri, kwa zile ĩ na ũ zenye namba 297 na 361, wanalipa upana wa 2. Kiswahili chenyewe kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi, kinalipa 2. Kiamhari 2. Hao ndo wangekuwa na haki ya kusema ni kizito, na sijasikia Mhabeshi akiambiwa aache lugha yake kwa ajili ya baiti moja.

Kwa hiyo faili la yule dada lilikuwa na nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja ambalo ni Kiswahili.

La kwanza ni ritifaa ya Word. Ukiandika ng'ombe kwenye Word, programu inajifanya inajua kuliko wewe, inaipindisha ritifaa iwe na mkia: ng’ombe. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwa Unicode sio namba 39 tena, ni namba 8217. Imevuka 255. Sasa hesabuni. Neno "ng'ombe" lenye ritifaa ya kibodi ni 40 na 7 na 1, sawasawa 48. Lenye ritifaa ya Word ni kichwa cha 56, herufi 7 mara 2, na sifuri ya mwisho nayo ya baiti 2. Jumla 72, na kwa mafungu ya 16 utapewa 80. Kutoka 48 mpaka 80 kwa mkia wa ritifaa! Na hasara ya kumbukumbu ni afadhali, kwa sababu kwa Python hayo ni maneno mawili tofauti. Programu ya kuhesabu itakuletea ng'ombe wa aina mbili, Chang'ombe mbili, na ng'ambo mbili, kila mmoja na idadi yake. Hapo sio laptopu inayokosea, ni matokeo ya utafiti.

La pili ni emoji. Ile sura inayocheka mpaka machozi ina namba 128514. Imevuka 65535. Chukueni maandishi ya herufi milioni moja, yote ASCII: 40 na 1,000,000 na 1, yaani baiti 1,000,041. Badilisha herufi moja iwe ritifaa ya Word: 2,000,058. Badilisha herufi moja iwe hiyo sura ya kicheko: 4,000,060. Kicheko kimoja, MB 3 nzima. Na wenye kucheka hivyo kwa Kiingereza wapo wengi kuliko sisi, kwa hiyo ule ushauri wa kuhamia Kiingereza usingeokoa hata baiti moja.

La tatu ndo kubwa. Programu ilisoma faili lote kwa mpigo kama stringi moja, halafu ikalikata maneno yote na kuyaweka kwenye orodha. MB 300 zenye hata emoji moja, kwa upana wa 4, ni karibu GB 1.2. Halafu maneno: tufanye neno moja na nafasi yake ni wastani wa herufi 6, tunapata maneno kama milioni 50. Ukilikata neno, Python inapima upya upana wa kipande, kwa hiyo maneno mengi yanarudi kwenye daraja la ASCII. Hiyo ni heri. Lakini kila moja ni objekti mpya yenye kichwa chake, 48 na kielekezi cha 8. Milioni 50 mara 56 ni GB 2.8. Jumlisha na zile 1.2 unapata GB 4. Laptopu ina GB 4, na mfumo wenyewe haujala chochote. Ingeacha vipi kuganda?

Na kwenye hayo maneno milioni 50, neno "na" linajirudia mara ngapi? Likija mara 50,000, Python inajenga objekti 50,000 tofauti za "na", kila moja baiti 48, MB 2.4 za "na" tupu. Maneno yanayosomwa kutoka kwenye faili hayaunganishwi yenyewe. Ukihitaji kuyaweka yote kwa mfuatano wake, ipo sys.intern, inayohakikisha "na" zote zinaelekeza kwenye objekti moja.

Yeye hakuhitaji hata hiyo. Tulikaa naye jioni moja, tukafanya mambo mawili: kusoma faili mstari kwa mstari na kuongeza hesabu kwenye kamusi, na kugeuza kila ritifaa ya Word kuwa ya kibodi kabla ya kukata. Ukisoma mstari kwa mstari, emoji inapanua mstari wake tu, mstari ukipita nafasi inarudishwa. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni maneno yasiyojirudia. Programu ikamaliza kwenye laptopu ileile ya GB 4, kwa Kiswahili kilekile.

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili. Kuna sehemu moja ambapo Kiswahili kinadai zaidi kuliko Kiingereza, nayo ni idadi ya maumbo. Anapenda, tunapenda, hawakupenda, tulipopendana, yote hayo ni funguo tofauti kwenye kamusi, wakati Mwingereza ana maumbo machache ya "love" anayazungusha. Sawa. Lakini hata tukipata maumbo milioni moja, neno la ASCII la herufi 23 linaingia kwenye baiti 64, kwa hiyo stringi zenyewe hazizidi MB 64 kama hamna neno refu kuliko hilo. Kamusi nayo inaongeza ya kwake. Bado uko mbali sana na GB 4. Huo sio uzito wa kumfanya mtu abadilishe lugha.

Sasa nije kwa wale wa "RAM ni bei rahisi". Rahisi kwa nani? Hiyo ni kauli ya mtu asiyejua boom linavyogawanywa. Boom likitoka unalipa deni la kantini, unalipa fotokopi, unatuma kidogo nyumbani, kinachobaki hakinunui RAM, kinanunua vocha. Nusu ya darasa letu lina laptopu za mitumba ambazo nafasi ya kuongeza RAM hata haipo. Kumwambia mwanafunzi huyo anunue mashine ni njia ya heshima ya kumwambia aache.

Na wapo wa tatu, hawa ni washkaji zangu wa darasani, na nawapenda, lakini nitawasema. Wanadai kwamba Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991 aliitengeneza ili tusihangaike na baiti, hayo ya ndani tuwaachie wenyewe waliotengeneza, sisi ni watumiaji tu. Nusu ya kwanza naikubali. Siku nyingi hutahitaji kujua, na mtu anayehesabu baiti kwenye programu ya kujumlisha alama za darasa anapoteza muda wake. Lakini kufichwa sio kutokuwepo. Bomba la maji limefichwa ukutani, likipasuka fundi hakwambii ukuta ni mzito. Na ile "sisi ni watumiaji tu" ndo inayoniuma kuliko yote. CPython iko wazi, kila mstari wake unasomeka bure, kichwa cha stringi nilichokieleza hapo juu kimeandikwa kwenye faili moja la C ambalo yeyote kati yetu anaweza kulifungua usiku huu. Mtu wa kutukataza hayupo. Tumejikataza.

Hasara yake ni kwamba kila mwaka mradi mmoja au miwili ya Kiswahili inauawa kwenye ofisi za wasimamizi kwa kauli kama ile, na anayekuja nyuma anaambiwa hakuna kazi iliyofanyika kwa Kiswahili, kwa hiyo achague Kiingereza. Halafu tunakaa kantini kulalamika kwamba simu zetu zinasahihisha "habari" kuwa kitu cha ajabu.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu tu. Kwanza, ile sentensi ya herufi moja baiti moja ifutwe kwenye desa, na mahali pake pachorwe kile kichwa cha baiti 40 na zile daraja tatu za upana. Ni nusu ukurasa. Pili, mwalimu akitunga swali la stringi kwenye UE, aweke sys.getsizeof na aulize kwa nini jibu sio urefu wa neno, tuone nani amesoma na nani amekariri. Tatu, msimamizi yeyote kabla ya kusema lugha fulani ni nzito, apime. Kupima ni mstari mmoja, hauhitaji RAM mpya.

Mwenye hoja tofauti aje na namba zake. Asiye na namba aje na soda, tutazungumza hivyohivyo.

Nawasilisha.